Kabla ya kukiamini kifaa, tuulize ni cha nani



Kuna usemi unaozunguka miongoni mwenu vijana, nasi tumeusikia ukitetewa kwa bidii katika vikao vyenu: kwamba mashine ni mwamuzi bora kuliko mwanadamu, kwa sababu mashine haina kabila, haina mjomba wala shemeji, hailipizi kisasi na haili rushwa. Wanaousema hawana nia mbaya. Wamekulia mahali ambapo mtu huulizwa jina la baba yake kabla ya kuulizwa alichofanya, na ambapo uvumi wa jioni moja umeweza kuwafanya majirani wafunge mizigo usiku uo huo. Kijana aliyekua hivyo akisikia kwamba vifaa vimeanza kupimana uaminifu vyenyewe kwa vyenyewe, kwa hesabu tupu, ataona faraja. Sisi hatuipokei faraja hiyo. Hatuupokei vilevile woga wa wale wanaoona alama ya mnyama katika kila simu. Anayeviabudu vifaa na anayevilaani wamesahau swali moja, nalo ndilo la kwanza: kifaa hiki ni cha nani, na kikikosea nani atajibu?

Ili ubishi wetu usiwe kelele, tueleze kwanza jambo lenyewe.

Vifaa vinapofanya urafiki

Zamani kifaa kilingoja kuamriwa. Redio ilifunguliwa ikasema, ikafungwa ikanyamaza. Leo viko vifaa vingi vilivyounganishwa na intaneti, vinavyopokea habari na kutoa habari bila mtu kubonyeza kitu: kamera za ulinzi, mita za umeme, saa za mkononi zinazopima mapigo ya moyo, magari, mashine za viwandani, na simu zetu wenyewe. Kila kimoja huhitaji habari kutoka kwa kingine. Gari likitaka kujua hali ya barabara iliyo mbele, laweza kuliuliza gari lililotoka huko. Lakini litajuaje kwamba limejibiwa kweli?

Katika miaka ya 2011 na 2012 wataalamu wa Italia, Luigi Atzori wa Cagliari, Antonio Iera wa Reggio Calabria na Giacomo Morabito wa Catania, walitoa pendekezo lililofuatwa na wengi. Kwa kuwa vifaa ni vingi mno, walisema, na viwe na jamii yao kama watu walivyo na jamii yao. Kila kifaa kiwe na marafiki. Kikihitaji habari kiwaulize marafiki, nao wawaulize marafiki wao. Wakataja aina kadhaa za uhusiano. Vifaa vilivyotengenezwa na kiwanda kimoja katika kipindi kimoja ni kama ndugu wa kuzaliwa. Vinavyokaa mahali pamoja ni kama majirani. Vingine vinafanya kazi moja, na vingine ni vya mwenye mali mmoja. Tena viko vinavyokutana mara kwa mara kwa sababu wenye navyo hukutana, kama simu za wanafunzi wa darasa moja.

Mwaka 2014 Atzori, pamoja na Michele Nitti na Roberto Girau, walichapisha hesabu ya kupima uaminifu ndani ya jamii hiyo. Baada ya kila shughuli, kifaa kilichohudumiwa hukipa alama kile kilichohudumia. Alama za siku nyingi hutunzwa pamoja na alama za juzi. Shughuli kubwa hupewa uzito kuliko ndogo, ili asiwepo atakayejijengea jina jema kwa mambo madogo halafu adanganye katika jambo kubwa. Maoni ya marafiki huongezwa, lakini kila rafiki hupimwa kwanza kama ushahidi wake unafaa kitu. Aina ya undugu nayo hutiwa katika mizani.

Kabila limeingia kwa mlango wa uani

Hapo tunawauliza wanaosema kwamba mashine haina kabila: je, hamkuona? Wataalamu walipotaka vifaa viaminiane, mfano walioushika ni ule ule tulio nao sisi: kuzaliwa pamoja, kukaa pamoja, kufanya kazi pamoja, kumilikiwa pamoja, kukutana njiani. Kifaa kigeni kisicho na rafiki hata mmoja mtandaoni huanza bila wa kukisemea. Hali yake ni ya mhamishwa aliyefika Kalengera jioni, mzigo kichwani, akitafuta mlango wa kubisha.

Hatusemi haya ili kuwalaumu wataalamu hao. Tunawaheshimu, maana waliyaandika wazi, kila mtu ayaone na kuyapinga akitaka. Kosa ni la wanaoipokea hesabu yao kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Hesabu ya uaminifu huandikwa na watu, na uzito wa kila kitu kilichomo huchaguliwa na watu.

Angalieni sasa uzito walioupanga. Undugu wa kiwanda waliupa uzito mdogo kuliko wote. Uzito mkubwa kuliko wote wakaupa uhusiano wa vifaa vya mwenye mali mmoja. Sababu yake si ngumu kuiona. Nyuma ya vifaa hivyo yupo mtu mmoja, na mtu huyo hana faida ya kujidanganya mwenyewe. Basi hesabu yote, ukiifuata hadi kwenye mzizi, inamkuta mtu. Wakaongeza neno jingine lenye hekima: kifaa chenye uwezo mkubwa, kama simu janja, kitazamwe kwa tahadhari zaidi kuliko kipimo kidogo kisichojua ila kupima joto, kwa kuwa mwenye akili nyingi ana njia nyingi za kudanganya. Wazee wetu wangelielewa jambo hili kabla halijaisha kusemwa.

Hila tano

Wanaochunguza elimu hii wameorodhesha hila ambazo kifaa kiovu huzitumia ili kuonekana chema. Tunawasihi mzijue.

Ya kwanza ni kujisifu: kifaa hujitolea ushahidi mwema ili kichaguliwe. Ya pili ni kupaka matope: hukipa kifaa chema alama mbaya ili kisipate kazi. Ya tatu ni kusifiana: vifaa viovu hupeana alama nzuri, kila kimoja kikikipandisha kingine. Ya nne ni kubadili jina: kifaa kilichoharibu sifa yake hutoka mtandaoni, kisha hurudi kama mgeni asiye na historia. Ya tano ndiyo mbaya kuliko zote: kuwa mwema kwa muda mrefu, kukusanya alama, halafu kusaliti siku moja yenye faida kubwa, na kurudi tena kwenye wema mpaka watu wasahau.

Hakuna hata moja kati ya hizi iliyobuniwa na chuma. Zote tumeziona katika likelemba zetu, pale mweka hazina anapolipa kwa uaminifu miezi kumi na mmoja na kutoweka wa kumi na mbili. Tumeziona katika siasa na katika uchaguzi wa viongozi wa vikundi. Vifaa vimejifunza kwetu, na mwalimu wao hawezi kujificha nyuma ya mwanafunzi.

Hata hivyo, kuna tunachopaswa kujifunza kwa wataalamu hawa, nacho kinatuaibisha. Wao wamekataa kwamba kifaa kiamini kila kinachosikika. Kifaa huuliza: nimeliona mwenyewe, au nimeambiwa? Aliyeniambia, huko nyuma alisema kweli mara ngapi? Sisi, wenye dhamiri na akili tuliyopewa na Mungu, tunapokea ujumbe wa sauti usio na jina, tunausambaza kwa vikundi vitano kabla ya kumaliza kuusikiliza, halafu tunajitetea kwa methali kwamba lisemwalo lipo. Kijana anayesambaza uvumi namna hiyo amejishusha chini ya kifaa. Katika nchi hii, miaka hii, uvumi umeua watu.

Kamera haikupandishwa kizimbani

Mwaka 2016 programu iliyopewa jina Mirai ilizunguka katika intaneti ikitafuta kamera na vifaa vya kusambaza mtandao ambavyo wenye navyo hawakubadilisha neno la siri la kiwandani. Ilikuwa na orodha fupi ya maneno ya siri, yapata 60, ikajaribu moja baada ya jingine, na milango ikafunguka. Vifaa maelfu kwa maelfu, vilivyonunuliwa ili kulinda nyumba na maduka, vikageuzwa jeshi. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa nyingi hazikufikika kwa saa kadhaa. Mwishoni mwa mwaka huo Afrika ikapata sehemu yake: Mwingereza Daniel Kaye alituma jeshi la namna iyo hiyo dhidi ya Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, kwa malipo kutoka kwa mtu wa kampuni shindani. Januari 2019 mahakama ya London ilimhukumu kifungo cha miezi 32.

Mahakama ile haikupandisha kamera hata moja kizimbani. Ilimtafuta mtu. Kamera zilikuwa zimefanya kazi zake sawasawa: zilipewa neno la siri, zikatii. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hapa kilichokula kilikuwa kimetundikwa ukutani kwa misumari ya mwenye nyumba mwenyewe. Kati ya mwenye kamera aliyezembea, kiwanda kilichouza kamera zote na neno moja la siri, na mhalifu aliyelitumia, mmoja tu ndiye aliyefungwa. Hilo nalo ni jambo la kutafakari.

Mlima wa moto na intaneti isiyolipiwa

Tuje nyumbani. Sisi tunaoishi tukiitazama milima ya moto tumezungukwa na vifaa vinavyosikilizana, hata kama hatukuwahi kuvifikiria hivyo. Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, tunachokiita OVG, hutumia vipima-tetemeko vilivyowekwa mahali mbalimbali kuizunguka Nyiragongo na Nyamulagira. Kipima kimoja hakiaminiwi peke yake, maana lori likipita au upepo ukivuma kwa nguvu chaweza kutikisika. Ili ijulikane tetemeko limetoka wapi, vipima kadhaa lazima vilisikie, na saa zao zipatane. Huo ni uaminifu kati ya vifaa katika sura yake njema: ushahidi wa wengi, kila mmoja akiwa mahali pake, na hakuna anayeamini kwa kuambiwa tu.

Lakini kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hadi Aprili 2021 kituo hicho kilikosa fedha za kulipia intaneti iliyoviunganisha vipima vya mbali, na waliokifanyia kazi walilisema hadharani. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikapasuka. Lava ikafika kwenye ukingo wa jiji, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Hatudai kwamba wangeokoka kama fedha zingelipwa mapema. Mawasiliano yalikuwa yamekwisha kurudishwa, na wanasayansi waliochunguza baadaye walionyesha kwamba mlima ulitoa dalili kwa muda mfupi sana kabla ya kupasuka. Tunadai jambo dogo zaidi, lisilopingika: kwa miezi ile uaminifu wa vipima haukumfaa mtu, kwa kuwa uaminifu wa watu waliopaswa kuvigharimia ulikatika. Ungeweza kuvipa alama kamili, na bado mlima usingesikika.

Tarehe 27 Mei watu wa mitaa kumi ya Goma wakaamriwa kuhama. Umati ulielekea Sake, ukavuka kwenda Rwanda, na wengine wakapanda barabara hii yetu ya Rutshuru na watoto wao mgongoni. Vipima vilileta takwimu, wataalamu wakazisoma, amri ikatolewa na kiongozi mwenye jina na cheo. Kama amri ile ilikuwa sahihi au la, watu walimjua wa kumuuliza. Hicho ndicho tunachokitetea.

Simu inapotoa ushahidi juu ya mwenyewe

Wengine husema kwamba hesabu za vifaa ni za vifaa tu, hazitatugusa sisi. Nchini Kenya zilikwisha kuwagusa watu. Zilitokea programu za mikopo ya simu zilizosoma majina yaliyomo katika simu ya mkopaji, na mkopo ulipochelewa jamaa na marafiki wakaanza kupigiwa na kuaibishwa kwa deni ambalo hawakulikopa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya iliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu namna hiyo.

Urafiki wa watu uligeuzwa kuwa rehani, na simu ndiyo iliyoufichua. Hesabu haikusimama kwa kifaa. Ilipita ndani ya kifaa ikamfikia mama wa mkopaji. Tena tuone kilichowaponya: ofisi yenye mlango, sheria yenye maandishi, na mtu wa kulalamikiwa. Mahali ambapo ofisi ya namna hiyo haifiki, na huku kwetu ni mahali pengi, kijana aliyekubali kila ruhusa bila kusoma hana pa kwenda.

Jibu kwa wanaotupinga

Mtatuambia: wanadamu nao hudanganya, tena kuliko mashine. Ni kweli, wala hatutaki kuwapamba wanadamu. Lakini mtu aliyedanganya aweza kuitwa mbele ya wenzake. Aweza kuulizwa, kuona haya, kulipa alichokula, kuadhibiwa, kutubu na kusamehewa. Kifaa hufutwa kumbukumbu, hakitubu. Jamii yote ya binadamu, kuanzia shirika letu la mtaani hadi mahakama kuu, imejengwa juu ya uwezo huo wa kuitwa na kujibu. Ukiuondoa, kinachobaki ni alama.

Nasi tuliofunzwa ualimu tunajua vizuri alama ni nini. Alama hupima swali lililoulizwa. Mwanafunzi aliyepata 18 juu ya 20 katika hesabu amethibitisha kwamba anajua hesabu. Hajathibitisha kwamba atairudisha pochi aliyoiokota. Vivyo hivyo kifaa kilichojibu sawa mara elfu kimethibitisha uthabiti wake, na uthabiti ni kitu chema. Uaminifu ni zaidi ya hapo: huonekana siku ambapo kutimiza ahadi kunamgharimu aliyeahidi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kifaa hakina dhiki. Hakijawahi kushiba, hakijawahi kulala njaa, hakina cha kupoteza. Kwa hiyo neno rafiki tunalolitumia juu yake ni neno la kukopa, na deni la neno hilo analo mwanadamu aliyekitengeneza, aliyekiuza au anayekitumia.

Tufanye nini?

Tusingoje magari yanayozungumza yafike Kalengera. Simu zilizo mifukoni mwetu tayari zinaaminiana. Simu mbili zikikubaliana mara moja ili kupeana nyimbo kwa Bluetooth, hukumbukana, na siku nyingine zaweza kuunganika bila kuuliza tena. Tuifungue orodha hiyo, tufute kila jina tusilolijua. Simu iliyozoea mtandao wa Wi-Fi usio na neno la siri huutambua kwa jina lake, na mtu yeyote aweza kuuita mtandao wake kwa jina hilo. Basi tusitumie mtandao wa namna hiyo kutuma fedha. Anayenunua simu iliyotumika ahakikishe imefutwa yote na haina akaunti ya mwenyewe wa kwanza, la sivyo amenunua kifaa chenye mabwana wawili. Kamera au kifaa chochote cha mtandao kikiletwa parokiani, shuleni au dukani, neno la siri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo, na liandikwe jina la mtu atakayekisimamia. Kifaa kisicho na jina la mtu kisiunganishwe.

Na programu ikiomba ruhusa ya kusoma majina ya watu wote tuwajuao, tukumbuke kwamba majina yale si mali yetu peke yetu. Kila mmoja wao alitupa namba yake kwa imani.

Tunawaachia maswali haya ya kujadiliana katika vikundi vyenu:

1. Ujumbe wa mwisho tuliousambaza, tuliuona wenyewe au tuliambiwa? Aliyetuambia tunamjua?

2. Kati ya zile hila tano, ni ipi iliyopata nafasi katika kikundi chetu, na tuliifanyia nini?

3. Katika parokia yetu, ni kifaa gani kimeunganishwa na intaneti bila kujulikana ni nani anayejibu kwa ajili yake?

Swali la tatu lisiishie kwenye mjadala. Jumapili ijayo, kabla ya kutawanyika, andikeni orodha, na mbele ya kila kifaa andikeni jina la mtu.